Mikungu ya michikichi haingoji

SWALI: Mhariri, mafuta mengi tunayopikia hapa Mombasa hutokana na michikichi ya Indonesia. Wanakijiji wa huko huvunaje? Msomaji, Likoni.

JIBU: Katika mkoa wa Riau, kisiwani Sumatra, familia nyingi zilihamishiwa vijiji vya mashambani na serikali, zikapewa takriban hekta 2 za michikichi. Huvuna kila siku 10 hadi 14. Machikichi yakianza kudondoka, mkungu umeiva. Kwa mti mfupi hutumia patasi. Mrefu, mundu uliofungwa kwenye ufito. Kazi ngumu ni usafirishaji. Mkungu ufike kiwandani ndani ya saa 24, kwani chikichi likichubuka, kimeng'enya chake, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani yake, huvunjavunja mafuta, asidi huzidi na bei hushuka. Mvua ikiharibu barabara ya udongo, jasho la wiki mbili huozea kando ya njia.