470 inavuta joshi na kulala kila upepo ukizidi: pimeni mlingoti kabla hamjagombana

Mkuu umeuliza wewe na mwenzako mmenunua 470 mtumba (ile mashua ndogo ya matanga ya watu wawili) huko Kilifi, mmezoea ngalawa tu, na hii kitu kila upepo ukichangamka inavuta kupanda joshi (upande upepo unakotoka) mpaka mkono unakufa ganzi kwenye tela (ule mti wa kushikia usukani) halafu inalala, sasa mnataka kujua mkaze kamba ipi. Ngoja nikupe yaliyonipata mimi Dar maana ni hayo hayo kabisa, na nilipoteza karibu msimu mzima wa kusi nikimlaumu mtu asiye na kosa.

Mimi nimekulia Unguja kaskazini, ngalawa nimeanza kushika usukani kabla sijamaliza darasa la nne. Kwa hiyo nilipopata hii mashua niliona mchezo, tanga si tanga na upepo si upepo? Nikamchukua mpwa wangu, kijana mwembamba kilo 58, mimi nina 84, nikakaa nyuma kwenye tela kama mkubwa, yeye nikamvisha ule mkanda wa trapizi aning'inie nje kwenye waya. Hapo tayari nilishakosea lakini ntarudi.

Kitu cha kwanza ambacho ngalawa haikufundishi ni kwamba hii haina matengo, yale magogo ya pembeni. Ngalawa ukizubaa inakusamehe, tengo la upande wa demani (upepo unakoelekea) linakaa kwenye maji linakubeba, unapata muda wa kulegeza. 470 ina urefu wa sentimita 470 (ndo jina lake hilo, Mfaransa André Cornu aliichora 1963) na bodi lake ni kama kilo 120 tu, yaani nyinyi wawili mkijumlishwa mnaweza kuwa wazito kuliko chombo. Matengo ni miili yenu. Ikianza kuinama nyuzi chache tu tayari inataka kupanda joshi yenyewe, wewe unavuta tela kuizuia, usukani unageuka breki, mwendo unakufa, mashua inalala zaidi. Ni duara hilo, usipolegeza kamba ya demani (ile ya kuvuta na kuachia tanga kubwa) mapema mtaogelea.

Na geuzo. Sisi wa ngalawa wengi tunageuza kwa kuuzungukia upepo kwa nyuma maana foromali (mti unaobeba tanga) lazima lipite mbele ya mlingoti. Huku unapitisha omo (mbele ya chombo) katikati ya upepo, bumu (mti wa chini ya tanga kubwa) linapita kichwani kwako, mnahama upande wote wawili kwa pamoja. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unageuza kizamani bila hata kufikiri, na kwa mashua hii kugeuza upepo ukiwa nyuma ndo geuzo la hatari zaidi, bumu linakuja kama panga. Nina kovu dogo juu ya sikio.

Basi tukawa tunalala. Kila siku. Siku moja tumelala pale ghuba ya Msasani maji yamekupwa, mashua ikapinduka kabisa ncha ya mlingoti ikachoma mchanga, tumesimama wote wawili juu ya sentabodi (ule ubao unaoshuka majini katikati ya chombo) kama kunguru, haiendi. Akapita mzee mmoja na ngalawa yake, akatuangalia weee, akauliza, "Matengo mmeyaacha wapi?" Halafu ndo akatusaidia, akavuta omo taratibu kuuelekea upepo mpaka mlingoti ukachomoka wenyewe. (Kwa hiyo ikiwachoma hivyo msirukeruke kwenye sentabodi, mtavunja mlingoti. Geuzeni kwanza omo ielekee upepo.)

Mimi lawama zote kwa mpwa. Mwepesi, anachelewa kutoka nje, hajui kupima upepo. Yeye anasema kwa adabu, "Mjomba, labda mashua ina tatizo." Namjibu mashua haina tatizo, tatizo hujala ugali.

Kumbe dogo alikuwa sahihi, tena mara mbili.

Siku moja nikaamua kupima mlingoti, na hili ndo nataka mlifanye leo kabla ya kugusa kamba yoyote. Unachukua ile futi ya fundi, unaifunga kwenye henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kubwa, unaipandisha mpaka pale pale kichwa cha tanga kinapofika, tanga la mbele likiwa juu na limekazwa kama mnaenda baharini, halafu unapima kutoka kileleni mpaka ukingo wa juu wa ubao wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Namba hiyo inakwambia mlingoti umelalia nyuma kiasi gani, ikiwa fupi ndo umelala zaidi. Mafundi wa matanga wanatoa karatasi ya vipimo ya matanga yao, tafuta ya kwenu. Yangu ilisoma sentimita 12 pungufu ya karatasi. Kumi na mbili! Aliyekuwa nayo kabla yangu labda aliiweka hivyo kwa upepo mkali akaiacha, sijui.

Mlingoti ukilala nyuma nguvu ya matanga inahamia tezi, tezi inasukumwa demani na omo linapanda joshi. Ndo ile mnavuta mpaka mkono unakufa. Hakuna kamba ya kukaza hapo.

Kurekebisha: zile nyaya mbili za pembeni chini zina vibati vyenye matundu na pini. Nilihamisha pini tundu mbili juu, pande zote mbili sawasawa, waya ukarefuka mlingoti ukasogea mbele. Tundu mbili tu, hapo chini unaona kama si kitu lakini kileleni ni mbali. Kisha nikakaza henza ya tanga la mbele mpaka nyaya za pembeni zikalia ukizigonga. Hapo utaona ule waya mwingine wa mbele umelegea kabisa, usishtuke na usiukaze, kazi yake ni kushika mlingoti mkiwa nchi kavu, mkipandisha matanga mzigo wote unabebwa na waya uliomo ndani ya tanga la mbele. Mimi niliukaza wiki nzima nikijiona fundi.

Tulipotoka siku ile, wallahi, tela nilikuwa naishika kwa vidole viwili.

Lakini upepo ulipopanda tukalala tena. Sasa ndo ile mara ya pili. Mpwa akasema, "Mjomba samahani, kwani si mzito ndo akae kwenye waya?" Nikanyamaza. Nilijua ni kweli, hesabu ya mzani mtoto wa shule anaijua, mzito na mrefu akiwa nje kabisa anafanya kazi kubwa kuliko akikaa ndani ameshika tela. Shida ni kwamba mwenye tela ndo nahodha, na mimi ninyongwe na waya huku mtoto wa dada yangu ananipigia amri? Ilinichukua wiki mbili. Tulipobadilishana mashua ikasimama wima na upepo ule ule uliokuwa unatuangusha, na mimi nikagundua kule nje napata kazi ninayoijua toka utotoni, kuona upepo unavyokuja juu ya maji na kumwambia kabla haujafika.

Ya kwenda bisho (kuupanda upepo kwa mshazari) ni haya tu kwa sasa. Mwenye tela aangalie zile nyuzi ndogo zilizobandikwa tanga la mbele, ya ndani na ya nje. Zikilala zote mbili sawa mko vizuri. Ya ndani, upande wa joshi, ikicheza mmepanda mno, shukeni kidogo. Ya nje ikicheza pandeni, au legezeni kamba ya hilo tanga. Upepo ukizidi nguvu zenu, inueni sentabodi kidogo, siyo yote, tela inakuwa nyepesi mara moja. Na msibadilishe vitu viwili kwa siku moja maana hamtajua kipi kimesaidia. Sisi tulitia alama za rangi ya kucha ya dada kwenye kila kamba, bado anaidai chupa yake.

Spinaka, lile tanga la puto la kwenda na upepo, iacheni nyumbani kwanza.

Pimeni jioni hii ikiwa bado ipo ufukweni, weka namba hapa tuione, na useme kati yenu nani mzito.