Kabla hujanunua kompresa: kwa fundi anayeanza na saspensheni ya hewa

Gari la saspensheni ya hewa likiletwa limelala upande mmoja, fundi mgeni hukimbilia kompresa, yaani pampu inayojaza hewa kwenye mabegi yanayolibeba gari. Ndicho kifaa kinachosikika, na mwenye gari naye keshaambiwa na jirani kwamba ndicho kinachokufa. Kiache kwanza. Kwa niliyoyaona, shida nyingi huwa kwenye waya, soketi au athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), na hata kompresa iliyoungua kweli huwa imeunguzwa na kitu kingine.

Kabla ya yote, weka stendi za kulishikilia gari. Mfumo huu unaweza kutoa hewa wakati wowote na gari likakushukia. Kama gari lina hali ya jeki (inayozuia saspensheni kujirekebisha gari likiwa limeinuliwa), iwashe, lakini stendi zibaki palepale.

Pima betri. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka utaona karibu 14. Betri ikiwa dhaifu, kompyuta ya saspensheni hurekodi makosa ambayo hayapo, nawe utahangaika nayo siku nzima. Ikishakuwa sawa, soma kodi za makosa kwa mashine ya uchunguzi, ziandike, zifute, kisha endesha gari kidogo. Zinazorudi ndizo za kushughulikia. Na kodi ya sensa ya urefu (inayopima gari limekaa juu kiasi gani) ya nyuma kushoto haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona volti isiyoitarajia kwenye waya ule, basi.

Sasa kwenye kompresa, hapa ndipo wengi hudanganyika. Unachomoa soketi, unaweka multimita, unaona volti 12, unasema umeme upo, kompresa mbovu. Multimita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha 12 zote. Kompresa ikidai ampea zake kumi na kitu, au zaidi ya ishirini, uzi ule hauwezi kuzibeba. Kwa hiyo pima mzigo ukiwepo: soketi ikiwa imechomekwa, kompresa imeamriwa kuwaka, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi pale kwenye kompresa. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbaya. Fungua boliti, sugua kutu mpaka chuma king'ae, kaza. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi kompresa. Volti zikipotea huko, fuata njia yake: fyuzi na kishikio chake, kisha rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa).

Rilei nyingi zina namba 30, 85, 86 na 87. Koili iko kati ya 85 na 86. Umeme mkubwa hupita 30 kwenda 87. Kusikia "tak" hakutoshi, maana koili huweza kuvuta vizuri huku vidole vya ndani vinavyopitisha umeme mkubwa vimeungua. Vikigandana ndiyo balaa, kwani kompresa hukataa kuzima hata gari likiwa limefungwa. Rilei ni ya bei ndogo, ibadilishe kila unapobadilisha kompresa. Fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi. Ukifanya hivyo, waya ndio utakaogeuka fyuzi.

Sensa za urefu zinahitaji subira. Nyingi zina waya tatu: volti 5, athi na ishara. Fungua kijiti kinachounganisha sensa na mkono wa gurudumu, washa swichi, pima ishara huku ukisogeza mkono mdogo wa sensa taratibu. Namba inatakiwa ipande au ishuke bila kuruka, kwa kawaida kati ya 0.5 na 4.5. Ikiruka ghafla mahali fulani, sensa imechakaa hapo. (Angalia vidole: kompyuta inaweza kudhani gari limepanda ikalishusha.) Sensa nyingine hutoa ishara ya mapigo, hizo zinataka osiloskopu (kifaa kinachochora mapigo ya umeme), kwa hiyo tazama mchoro wa waya kwanza.

Zikilalamika sensa kadhaa kwa pamoja, usinunue zote. Mara nyingi zinatumia volti 5 ileile, na moja ikipiga shoti huzivuta zote chini. Shika multimita kwenye waya wa volti 5, chomoa soketi moja baada ya nyingine. Ukiona 5 imerudi, umempata. Isiporudi hata baada ya kuchomoa zote, shoti iko kwenye waya au ndani ya kompyuta.

Waya zilizo karibu na magurudumu hujikunja kila siku na hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Zitikise huku ukitazama multimita. Ndani ya soketi tafuta rangi ya kijani, ndiyo maji yalipoingia. Ukiunga, tumia lehemu au kiunganishi cha kubana, kisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu kunakurudishia kazi.

Umeme ukikaa sawa, nyunyiza maji ya sabuni kwenye mabegi na mirija, kwani kompresa inayofukuzana na uvujaji itaunguza tena ulichokifunga. Ukibadilisha sensa, sanifisha urefu (uifundishe kompyuta upya) kwa mashine ya uchunguzi, ukipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Andika vipimo vya pembe zote nne jioni, uache gari limezimwa, upime tena asubuhi kabla ya kulikabidhi.