Ska ilizaliwa Jamaika, ikapata uraia Coventry

Wapo wanaodhani kuwa ska, muziki wa dansi wenye mdundo wa haraka, ni wa Waingereza. Hapana, si muziki uliobuniwa Uingereza. Ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuvuka bahari pamoja na wahamiaji wa Karibi. Hata hivyo, anayedai kuwa imechangia kujenga utambulisho wa Waingereza hakosei, kwa sababu mwaka 1979 Jerry Dammers alianzisha 2 Tone, lebo ya kurekodi muziki, huko Coventry, mji wa viwanda vya magari, na bendi yake ya The Specials, ambamo weusi na weupe walisimama jukwaa moja, ikachanganya mdundo huo na ukali wa panki, muziki wa roki wa kiuasi, ili kuimba maisha ya mitaa yao wenyewe. Wanabendi Lynval Golding na Neville Staple walizaliwa Jamaika, Dammers alizaliwa India, na bado mimi sijui sauti yenye Uingereza zaidi ndani yake kuliko yao. Wimbo wao “Ghost Town”, unaoeleza mji uliofungwa vilabu na vijana wasio na ajira, ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza Julai 1981, wakati ghasia zikiwaka katika miji kadhaa ya nchi hiyo. Taifa lilijisikia lenyewe redioni. Lakini tusizidishe: wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi kilichopinga wahamiaji, nao walifika kwenye maonyesho ya bendi hiyo wakaleta vurugu, kwa hiyo kuupenda mdundo hakukumaanisha kumkubali jirani aliyeuleta.