Mlichoniuliza kuhusu kazi na watu waliobadili jinsia huku Marekani

Swali lilianza kwa binamu yangu kwenye kundi la familia: eti ni kweli kwamba huku Marekani serikali inamlazimisha mwajiri kuwaandika kazi watu waliobadili jinsia, na ukikataa unafungwa? Mjomba akaongeza lake: hayo yanatuhusu nini sisi? Kisha kuna mmoja wenu, ambaye sitamtaja, aliyenitumia ujumbe pembeni akiuliza kama mtu wa namna hiyo akihamia huku atapata kazi na kuachwa aifanye kwa amani. Nawajibu wote watatu, kwa niliyoyaona hapa Minnesota, kwenye kazi ya kutunza wazee ambayo wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunaifanya.

La kufungwa halipo. Hakuna idadi ya transjenda (ndilo jina la watu hao) ambayo mwajiri anatakiwa kuitimiza, wala hakuna anayepelekwa jela kwa kutomwajiri mmoja wao. Kilichopo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile iliyopiganiwa na Wamarekani weusi. Inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au nchi aliyotoka. Transjenda hawakutajwa humo. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa iliamua kwamba rubani Karen Ulane, aliyefukuzwa baada ya kubadili jinsia, hakulindwa na sheria hiyo, na kwa miaka mingi mambo yakabaki hivyo katika sehemu kubwa ya nchi. Majimbo machache yalitangulia kujitungia sheria zao. La kwanza lilikuwa hili langu, Minnesota, mwaka 1993.

Aliyebadilisha mambo kwa nchi nzima ni mama mmoja wa Michigan, Aimee Stephens, na nawaomba msome habari zake kwa utulivu. Kazi yake ilikuwa kuandaa maiti na kusimamia mazishi. Aliifanya karibu miaka 6 kwenye kampuni moja, akivaa suti na tai kama mwanamume, na kazi yake ilisifiwa. Mwaka 2013 aliwaandikia barua mwajiri na wenzake, akaeleza kwamba tangu utotoni alijijua kuwa mwanamke, na kwamba akirudi kutoka likizo angekuja kazini akiwa amevaa kama wanawake wenzake. Baada ya wiki mbili akafukuzwa. Mwenye kampuni hakuficha sababu, hata mbele ya wanasheria.

Tume ya serikali kuu inayosimamia usawa kazini ilimshtaki mwajiri kwa niaba yake mwaka 2014. Akashinda kwenye rufaa mwaka 2018. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, Wizara ya Sheria, chini ya utawala mwingine, wa Trump, ikasimama upande wa mwajiri. Yaani mkono mmoja wa serikali ulikwenda mahakamani kumtetea mama yule, na mkono mwingine wa serikali ileile ukaenda kumpinga. Hukumu ilitoka Juni 15, 2020: majaji 6 kwa 3, ikaandikwa na Neil Gorsuch, jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe. Alisema huwezi kumfukuza mtu kwa kuwa transjenda bila kuiweka jinsia yake kwenye mizani, na hilo sheria ya 1964 inalikataza. Aimee Stephens hakuisikia. Figo zilimuua Mei 12, mwezi mmoja kabla. Malipo ya kumaliza kesi, dola 250,000, gharama za mawakili zikiwa humohumo, yalikubaliwa akiwa kaburini.

Miaka 7, basi. Na hiyo ni kesi iliyoshinda.

Sasa angalieni kwa nini ilishinda. Mwajiri alisema sababu yake kwa kinywa chake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Diane Schroer, mwanajeshi wa miaka mingi wa kikosi maalumu, aliyeahidiwa kazi ya utafiti wa ugaidi kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Alipomweleza aliyekuwa anamwajiri kwamba ataanza kazi akiwa mwanamke, siku iliyofuata ahadi ikafutwa. Mwaka 2008 jaji akaona sababu iko mezani, imetamkwa. Sheria inamnasa mwajiri anayesema. Asiyesema inampita kando, na tangu 2020 waajiri wamejifunza kunyamaza.

Nawaeleza jinsi kunyamaza huko kunavyofanya kazi, maana nilikuwepo. Kwenye nyumba moja ya wazee nilifanya zamu na dada mmoja transjenda. Sijaona mikono kama yake. Kuna bibi pale, akili yake ilikuwa imeanza kupotea, hakukubali kuogeshwa na mtu mwingine, alikuwa akimngoja yeye tu. Mgonjwa asiyeweza kusimama hunyanyuliwa kwa mashine yenye mkono wa chuma na kitambaa cha kumbebea, na kanuni ya nyumba inataka watu wawili, mmoja aendeshe na mwingine amshike mgonjwa. Ukiifanya peke yako unafukuzwa papo hapo, maana mgonjwa akianguka ni kifo. Basi dada yule akibonyeza kitufe cha kuomba msaada, baadhi ya wenzetu hawakwenda. Walijifanya wana shughuli. Mgonjwa akabaki amelowa kitandani, saa ya chakula ikapita, na kwenye ripoti ya zamu pakaandikwa kwamba mhudumu fulani amechelewesha wagonjwa. Onyo la kwanza, la pili, la tatu, akaachishwa. Karatasi zote safi. Hakuna mahali palipoandikwa neno transjenda. Sababu ni kuchelewa, na kweli alichelewa.

Nitasema jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha: kati ya waliokataa kwenda kumshikia mgonjwa walikuwepo wa kwetu. Wakenya, na Wakongo wanaoongea Kiswahili kizuri tu. Niliwaambia wakati ule kwamba wanayemwadhibu ni bibi aliyelowa. Meneja hakuwatuma, sidhani hata kama alijua mwanzoni. Serikali gani itakaa kwenye korido saa 9 usiku ihesabu nani ameitika kengele na nani hakuitika? Hapo ndipo mkono wa sheria unapofika mwisho.

Binamu yangu mwingine, yule msomi wa uchumi, aliniambia tuwaachie waajiri wenyewe, kwamba mwenye kumfukuza mfanyakazi mzuri atapata hasara na soko litamfundisha. Ndugu yangu, nyumba ile ilikuwa na upungufu wa watu kila wiki. Walitulipa ziada tukubali kufanya zamu mbili mfululizo. Walimhitaji mno, na bado akaondoka. Hasara ilikuwepo, ila waliobeba ni wazee na sisi tuliobaki.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakushtaki. Alikwenda kwenye idara ya haki za binadamu ya jimbo, akajaza fomu. Lakini kodi ya nyumba haingoji uchunguzi unaochukua miezi na miezi, na alipopata kazi kwingine alichoka kufuatilia. Na hata ukishinda, kwa sheria ya serikali kuu fidia ya maumivu na adhabu ina kikomo kilichowekwa 1991 na hakijaguswa tangu hapo: dola 50,000 kwa kampuni ya watu 15 hadi 100, na 300,000 hata kama kampuni ina watu laki moja. Kampuni nyingi nazo hukutia saini siku ya kwanza, katikati ya rundo la makaratasi, kwamba mgogoro wowote utaamuliwa faraghani na msuluhishi badala ya mahakama. Tunasaini bila kusoma, sote. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa nyumbani hulishangaa: katika majimbo yote isipokuwa Montana, mwajiri hahitaji sababu ya kukuachisha. Anaweza kusema tu kwamba hakuhitaji tena. Kazi ya kuthibitisha kwamba nyuma ya ukimya huo kuna ubaguzi ni yako wewe uliyefukuzwa.

Juu ya yote hayo, sheria inayotegemea ofisi inategemea aliyekalia ofisi. Januari 2025 rais alitia saini amri kwamba serikali kuu inatambua jinsia mbili tu, zile za kuzaliwa. Mwezi uliofuata, tume ileile iliyomtetea Aimee Stephens iliomba mahakama zifute kesi 6 ilizokuwa imezifungua kwa niaba ya wafanyakazi transjenda. Hukumu ya 2020 ingalipo, haijafutwa, na mtu anaweza kushtaki kwa wakili wake mwenyewe. Lakini anayeosha wazee kwa ujira wa saa anampata wapi wakili? Hilo limeniuma kuliko yote. Wafanyakazi hao walifuata njia waliyoambiwa ni halali, wakapeleka malalamiko, serikali ikayakubali kuwa ya haki, kisha ikayatupa.

Hata hivyo msinisikie nikisema sheria haina maana. Kabla ya hukumu ile, katika sehemu nyingi za nchi, mwajiri angeweza kusimama mbele ya watu akasema namfukuza huyu kwa sababu ni transjenda, na mambo yakaishia hapo. Leo inambidi aseme uongo. Kumlazimisha mtu adanganye si haki kamili, lakini uongo huacha alama. Ukiandika kwamba umemwachisha fulani kwa kuchelewa, na waliochelewa kuliko yeye bado wapo kazini, wakili mzuri ana pa kuanzia.

Sasa mjomba wangu, kwa heshima zote. Umeuliza yanatuhusu nini. Sheria inayomlinda yule dada ndiyo hiyohiyo inayomlinda mwanao. Ni aya moja. Mimi nikiambiwa kwa simu niende kwa mahojiano, nikifika wakasikia lafudhi yangu na nafasi ikajaa ghafla, ninapokwenda kulalamika ni kwenye tume hiyohiyo. Mwaka 2015 binti Mwislamu wa Oklahoma, Samantha Elauf, aliyenyimwa kazi ya dukani kwa sababu ya mtandio wake, alishinda Mahakama ya Juu majaji 8 kwa 1, na aliyemshtaki mwajiri kwa niaba yake ilikuwa ni tume hiyo. Dada zetu wa Kisomali wanaofanya kazi hapa wakiwa na hijabu wanasimama juu ya hukumu hiyo. Tume ikizoea kuchagua ni nani wa kumtetea na nani wa kumtupa, sioni kitakachoizuia kesho kutuchagua sisi.

Wala usiseme ni mambo ya Wazungu. Audrey Mbugua ni Mkenya, alisoma Kenya, akapita mtihani wa kidato cha nne Kenya, na cheti chake kikawa na jina na jinsia ambavyo havikulingana na mtu aliyesimama mbele ya mwajiri. Ilimbidi alipeleke Baraza la Mitihani mahakamani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Mtu aliyefaulu vizuri anakosa kazi kwa sababu ya karatasi yake mwenyewe. Huyo ni mtoto wa kwetu, mjomba.

Na wewe uliyeniandikia pembeni. Nakujibu hapa kwa sababu huenda hauko peke yako.

Kazi utapata. Amani itategemea jimbo, na itategemea jengo. Usiniangalie mimi niliye Minnesota ukadhani ndiyo Marekani yote. Hapa sheria ya jimbo inamfunga hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja, na una mwaka mzima wa kulalamika. Ukiendesha gari kusini saa mbili tu uko Iowa, ambako Wakongo wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Iowa ilikuwa na ulinzi wa transjenda tangu 2007, na Februari 2025 gavana wake alitia saini sheria ya kuuondoa, likawa jimbo la kwanza kuchukua hatua hiyo. Ndugu yako akikwambia uje Iowa kwa kuwa kodi ya nyumba ni nafuu, mwambie utafikiri.

Hati zako zitakutangulia. Amri ya 2025 inataka viza na pasipoti za Marekani zionyeshe jinsia ya kuzaliwa, na kila mwajiri huku lazima akague vitambulisho unapoanza kazi. Leseni ya udereva ya Minnesota inaweza kubadilishwa jina na jinsia, kwa hiyo ifanye mapema, kabla ya kutafuta kazi. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani ikiwa na jina lililo kwenye mfumo wa mishahara, na ndipo wengi wao hujulikana siku ya kwanza, bila kupenda.

Tafuta nyumba ya wazee yenye chama cha wafanyakazi. Mkataba wa chama kwa kawaida humtaka mwajiri atoe sababu ya haki kabla ya kukuachisha, na kunakuwa na mtu wa kukaa nawe kwenye kikao cha onyo. Yule dada alipohamia kwenye nyumba yenye chama, mara ya kwanza kengele yake ilipopuuzwa alimwita mwakilishi zamu hiyohiyo, na ikaandikwa kwamba aliita na hakuna aliyekwenda. Bado yuko pale. Weka daftari lako mwenyewe: tarehe, saa, nani alikuwepo, ulimwomba nani msaada. Usilihifadhi kwenye kompyuta ya kazini. Malalamiko kwa tume ya serikali kuu yana siku 300 hapa, na siku 180 katika majimbo yasiyo na ofisi yao ya kushughulikia ubaguzi wa aina hiyo, na zikipita zimepita.

Ukipata ofa, nitumie mkataba kabla hujasaini, kila ukurasa, hata zile herufi ndogo za mwisho. Nitausoma pamoja nawe kwa simu. Sitamwambia mtu yeyote nyumbani.