Uliza Nahodha: Kodi Maji, Usikodi Wikendi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Nairobi, na nyingi zinazunguka jambo moja: kushuka pwani, kukodi chombo na nahodha wake, na kuvua kwa chambo bandia ndani ya mwamba, ule ukuta wa matumbawe unaokinga pwani. Mimi nimelelewa Takaungu, sasa naishi Pangani, na kila kaskazi hurudi nyumbani kupeleka wageni majini. Tuanze.

*Shikamoo nahodha. Shemeji yangu anaishi Tampa, Marekani. Kila kiangazi hunitumia video akivua kando ya mikoko kwa samaki wa mpira, nahodha wa kukodi akimwelekeza pa kutupa. Nimepata likizo ya wiki mbili Agosti, watoto wamefunga shule. Nikishuka Kilifi nitapata mchezo huo huo? Na nikodi siku gani? Nafikiria Jumamosi.* — Msomaji, Donholm

Marahaba, mwanangu. Kiangazi cha shemeji yako ni kusi yetu. Kwao Juni hadi Agosti jua linachoma, na manahodha wao huondoka gizani ili wamalize kazi kabla ya joto na radi za alasiri. Kwetu miezi hiyo upepo unatoka kusini mashariki, bahari nje ya mwamba imechafuka, na maji yamepoa hadi nyuzi 25 hivi. Joto letu huja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Hapo maji hukaribia nyuzi 29, bahari hulala, na ndani ya mwamba maji huwa maangavu hata ukaona kivuli cha chambo chako kikipita juu ya mchanga. Mwenye uwezo wa kuchagua na achague kaskazi.

Lakini Agosti haijapotea. Hori la Kilifi, ule mkono wa bahari ulioingia bara, limezungukwa na nchi kavu, na Mtwapa vivyo hivyo, kwa hivyo hata kusi ikivuma unapata pembe iliyotulia. Maji yatakuwa na utusi kidogo, hilo tutalisema kwenye barua inayofuata. Usikubali tu mtu akutoe nje ya mlango wa mwamba kwa chombo kidogo mwezi huo, hata akikuapia kwamba nguru wamejaa huko.

Sasa hiyo Jumamosi. Tampa maji hupanda na kushuka chini ya mita moja. Kwetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupita mita tatu. Ndiyo maana shemeji yako anaweza kuelea kando ya mti mmoja asubuhi nzima. Jaribu hivyo Kilifi, na baada ya saa mbili umekaa juu ya tope pamoja na chombo na nahodha wako, mnatazamana na kaa. Kwa hivyo tazama maji kwanza, ndipo uombe ruhusa kazini.

Kazi hiyo haihitaji programu yoyote kwenye simu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Chukua kalenda ya Kiislamu, tazama tarehe 1 hadi 3 na tarehe 14 hadi 17. Siku hizo, kuanzia Mombasa hadi Malindi, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, hupwa karibu saa nne asubuhi, na hujaa tena karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Maana yake ni hii. Jua linapochomoza siku ya bamvua, maji yana saa mbili tangu yaanze kutoka. Yanakimbia. Vijito vyote vya ndani ya mikoko vinamwagika kwenye mkondo mkubwa, vikitoka na kamba wadogo, mkizi wachanga na kila kilichojificha kwenye mizizi usiku. Kolekole, samaki wawindaji wenye nguvu, wanalijua hilo kuliko wewe. Wanajipanga pale kijito kinapokutana na mkondo, kwenye mstari ambapo maji ya tope yanagusana na maji safi, na tengesi wenye meno makali wako nyuma yao kidogo. Tangu kupambazuka hadi saa mbili na nusu, hapo ndipo pesa zako zinafanya kazi. Kuna nafasi ya pili jioni, maji yakianza kutoka kuanzia saa kumi na moja, lakini giza litakukuta mapema.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi, na hayana haraka ya kwenda popote. Samaki wametawanyika. Unaweza kutafuta chewa polepole kwenye kingo za mawe, lakini ukitaka kolekole wa kukimbiza popa, kile chambo cha kuvutwa juu ya maji, utachoka mkono bure. Kama Jumamosi yako imeangukia hapo, hamisha. Jumanne ya bamvua ni bora kuliko Jumamosi ya maji mafu, na vyombo siku hiyo havina ushindani.

*Nahodha, mimi ni mtu wa ziwa, nimekulia Homa Bay na mbuta nawajua. Nilinunua mjini boksi zima la chambo bandia, rangi zote za upinde wa mvua. Nahodha niliyempigia simu akaniambia nilete vitatu tu. Ananidharau? Na kwa nini nisitumie kamba hai kama watu wengine?* — Msomaji, Kariobangi South

Hakudharau, ndugu yangu. Amekuokolea mzigo.

Kamba hai hukamata, hilo halina ubishi, na ukitaka changu wa mboga tumia kamba. Ila kwa kamba unatia nanga unangoja. Kwa chambo bandia unatafuta: unatupa, unavuta, chombo kinasogea, unapima ukingo mzima wa mikoko kwa asubuhi moja. Na samaki akiuma, ndoana mara nyingi hushika mdomoni, hajaimeza, kwa hivyo ukitaka kumrudisha anarudi mzima.

Vitatu vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni samaki wa mpira wa sentimita 10 hivi, mwenye mkia unaopepea, kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 10 hadi 15. Cha pili ni popa, ile yenye mdomo uliobonyea, inayotema maji ukiivuta. Cha tatu ni kipande cha chuma kinachong'aa, gramu 30, cha kutupia mbali samaki wakiruka katikati ya mkondo. Upinde wako wa mvua uache Kariobangi. Maji maangavu ya kaskazi yanataka nyeupe, fedha au rangi ya mchanga. Maji ya utusi ya kusi yanataka rangi nzito iliyokoza, hata nyeusi, au chambo chenye kelele, maana samaki anakisikia kabla ya kukiona.

Kuvuta ndiko kuliko na elimu. Samaki wa mpira mtupe juu ya mkondo, mwache maji yambebe kuelekea mdomo wa kijito, nawe unakusanya tu uzi uliolegea. Kichwa cha risasi kikigusa chini utasikia kigongo kidogo kwenye ncha ya fimbo. Inua, mwache ashuke tena. Samaki wengi huuma wakati huo wa kushuka, na utakachosikia ni uzito tu, kana kwamba umenasa jani. Kaza.

Popa ni kinyume. Kolekole akitokea nyuma yake, na utamwona, maji yatavimba kabla hata hajaonekana, mkono wako utataka kupunguza mwendo ili umngoje. Usimngoje. Zungusha rili kwa nguvu zako zote. Samaki mdogo anayekimbizwa hasimami kumsubiri mkimbizaji, na kolekole akiona kitu kimesimama hugeuka akaenda zake. Wageni wengi wa Nairobi hupoteza samaki wao wa kwanza hapo hapo, nami niko nyuma napiga kelele.

Uzi wa kusuka wa pauni 20 au 30 unatosha ndani ya hori. Mbele yake funga kipande cha nailoni cha pauni 40, urefu wa mkono, kwa ajili ya mawe na chaza. Tengesi wakiwepo ongeza shibiri moja ya waya, vinginevyo utakuwa unawalisha chuma. Na ukivuta samaki wako wa mpira ukakuta mkia umekatwa safi kabisa, duara, hujasikia hata mguso, huyo ni bunju. Hama mahali hapo, maana atamaliza mikia yote uliyobeba. Ukimnasa kwa bahati mrudishe. Bunju ana sumu, na kumpika hakuiondoi.

*Mwezi ulikuwa mpevu, nikalipia kuvua ndani kabisa ya hori tangu alfajiri mpaka saa sita mchana. Saa tatu nahodha akageuza chombo, akanirudisha ufukweni, pesa zangu hakurudisha. Huu si wizi?* — Msomaji aliyekasirika, Ngara

Pole. Niambie kwanza, mwezi ulikuwaje? Umeandika kwamba ulikuwa mpevu, na mlikuwa ndani kabisa ya hori. Basi saa nne maji yalikuwa yamekwisha, na kama angekaa nusu saa zaidi mngelala kwenye tope mpaka saa saba, jua utosini. Kugeuza chombo alifanya sawa.

Lakini alipokubali malipo ya mpaka saa sita alijua kalenda ni ipi, na hapo ndipo nina neno naye. Nahodha mwaminifu angekwambia wazi kwamba siku hiyo ina saa tatu za kuvua, na bei ingefuata saa hizo, au mngekubaliana mapema kwamba maji yakikauka mnahamia kwenye kina karibu na mlango. Kabla ya kutuma pesa uliza: tunaondoka saa ngapi na maji yako wapi saa hiyo? Mafuta ni ya nani? Jaketi za kuokolea ziko ngapi? Samaki ni wa nani? Akijibu swali la maji kwa kusema "usijali", tafuta mwingine.

*Kijana wangu ana miaka 12, hazungumzi kingine ila samaki. Naogopa ndoana na naogopa maji. Nimpeleke?* — Mama wa South B

Mpeleke, mama, na wewe uende naye. Kwake yeye nitapindua niliyomwambia yule wa Donholm: chagua maji mafu. Mkondo ni mpole, chombo hakiyumbi, na mtoto hajali akipata kolekole au chewa wa kiganja, bora fimbo ipinde.

Mwambie nahodha aondoe ndoana zenye meno matatu kwenye chambo cha mtoto, aweke moja moja, na abane kile kijino cha ndoana kwa koleo. Hapo hata ikimwingia kidoleni inatoka kwa urahisi zaidi. Miwani avae tangu fimbo ya kwanza inapoinuliwa, hata mawingu yakiwepo, kwa sababu ya macho yake na ya fimbo ya mwenzake. Jaketi limkae barabara. La mtu mzima humvuka kichwani akianguka. Na wakishuka kutembea kwenye maji ya magoti, avae viatu vya mpira na aburuze nyayo mchangani. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, husikia mtikisiko akaondoka. Ukimkanyaga ndipo hupiga mkia. Ikitokea amechomwa, jeraha litiwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, huku mnatafuta hospitali. Mtu mzima ayajaribu maji hayo kwanza kwa mkono wake.

*Je, Watamu naweza kuvua popote nikirudisha samaki majini? Na fimbo nitaipitishaje kwenye treni?* — Msomaji, Syokimau

Hapana. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa 1968, haziruhusu kuvua hata kidogo, urudishe au usirudishe. Hori la Mida liko kwenye eneo la nje ya hapo ambako wavuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mgeni mwenye fimbo na rili aulize ofisini kwao kabla ya kutia chombo majini, na leseni yake ya uvuvi iwe mkononi. Chupa za maji za plastiki za kutupa usibebe. Zilipigwa marufuku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 2020. Kwangu mimi Kilifi ni rahisi zaidi, na kutoka Miritini, treni inapoishia Mombasa, ni matatu tu kupitia Mtwapa.

Kuhusu treni, nunua fimbo ya vipande viwili au vinne. Nenda dukani kwa vifaa vya ujenzi, ukate bomba la PVC kwa urefu wa kipande kirefu zaidi, uzibe ncha zote mbili, uandike jina lako. Chambo na ndoana zikae kwenye boksi linalofungika, kwenye begi, na mkaguzi akiuliza mfungulie mwenyewe. Usimwache apapase ndani. Kisu cha samaki kiache nyumbani. Wataking'ang'ania pale Syokimau, na Kilifi hakuna nyumba isiyo na kisu.