Vijana wa tovuti, "kwangu inafunguka" si jibu

Wiki hii mteja wetu wa hapa Nakuru alilalamika kwamba kurasa zake zinapotea Google. Kijana wa atachimenti akafungua tovuti kwenye laptopu, akaitazama kidogo, akaandika kwenye grupu: "Iko sawa, kwangu inafunguka." Mwingine akaongeza, "Hata kwangu." Wa tatu akaweka kidole gumba. Tiketi ikafungwa.

Tatizo halikuwa limeguswa. Plagini ya usalama, programu ya nyongeza kwenye tovuti, ilikuwa imewekwa izuie kila nchi isipokuwa Kenya, kwa nia njema kabisa, baada ya watu wa nje kuhangaika kubahatisha nywila. Sasa Googlebot, ile roboti inayopitia kurasa, hutokea zaidi kwenye anwani za IP za Marekani. Kila aliyekuwa Section 58 au Lanet aliiona tovuti vizuri, na mgeni tuliyekuwa tukimngojea kuliko wote akarudishwa mlangoni na 403, yaani "huruhusiwi", mkononi.

Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nina hasira. Kosa hili la kutegemea macho yenu wenyewe nimeliona kwa kila kundi linaloingia hapa. Someni haya kabla hamjafunga tiketi nyingine.

1. Anza na ukaguzi wa URL ndani ya Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha inavyoiona tovuti yako; brauza yako ije baadaye. Bandika anwani, soma hali yake, kisha ijaribu moja kwa moja. Yale majibu ya kwanza yanatoka mara ya mwisho Google ilipopita; jaribio ndilo linalokupa hali ya sasa. Anayechanganya hayo mawili atafika pale tulipofika Kisumu.

2. Ya Kisumu yenyewe. Hoteli moja ndogo ya Milimani ilitupa kazi ya kujenga tovuti upya. Tuliijenga upande wa majaribio, tukaweka tiki kwenye ile sehemu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, inayoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, kama inavyotakiwa. Mteja alipoidhinisha, tukahamishia kila kitu kwenye domeini halisi, faili na hifadhidata nzima. Hapo ndipo palipoharibika. Ile tiki haikai kwenye faili. Inakaa kwenye hifadhidata, katika jedwali la wp_options, kwa jina blog_public. Thamani yake ilikuwa 0, ikahama ikiwa 0, na hakuna aliyefungua mipangilio kuitazama.

Kilichotuponza ni kwamba siku ile hakuna kilichoanguka. Tangu WordPress 5.3 ya mwaka 2019, tiki hiyo huweka noindex, yaani agizo la kutouorodhesha ukurasa, ndani ya kila ukurasa badala ya kufunga robots.txt, faili inayoiambia roboti isipite wapi. Google nayo haizitoi kurasa zote kwa mpigo. Ukurasa hutoka pale roboti inapoupitia tena na kuikuta hiyo noindex. Ukurasa wa mwanzo, unaopitiwa mara kwa mara, ukatangulia. Vyumba vikafuata. Ukurasa wa ukumbi wa mikutano, uliokuwa ukileta semina za mashirika, ulichelewa kutoka, nasi kila tukiutafuta tukauona pale juu tulijipa moyo kwamba mambo ni shwari.

Mwenye hoteli akapiga simu. "Mwanangu, simu ya mapokezi imenyamaza. Agosti hii inaingia na hakuna anayeulizia chumba."

Tukamwambia ni msimu. Tukalaumu masasisho ya Google. Tukamhamishia kwenye hostingi ya bei ya juu tukidhani shida ni kasi, na gharama akaibeba yeye. Muda wote huo ripoti ya kurasa kwenye Search Console ilikuwa imeandika sababu waziwazi, noindex, na mstari wa kurasa zilizoachwa nje ukizidi kupanda. Hatukuifungua. Tulikuwa na majibu mengi mno kichwani ya kututosha.

Hatimaye tukaiona, tukaitoa tiki, ikaisha kwa kubofya mara moja. Nikampigia mama mwenyewe kumpa habari njema, tukaiomba Google ipitie upya kurasa kuu. Lakini plagini ya keshi, inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, ilikuwa ingali inagawa nakala za zamani za HTML, zenye noindex ile ile. Sisi hatukuziona kwa sababu tulikuwa tumeingia kama wasimamizi, na keshi nyingi haziwapi walioingia zile nakala zilizohifadhiwa. Google ikaja tulivyoiita, ikasoma noindex, ikaenda zake. Ikanibidi nimpigie mama simu ya pili. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama awaambie wapishi wa zamu wakae nyumbani mwezi huo.

Kwa hiyo, ukitengeneza jambo kama hili, futa keshi ya plagini, ya seva na ya CDN (seva za mbali zinazogawa nakala za tovuti) kama ipo. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, bonyeza Ctrl+U, tafuta neno noindex. Usipolikuta hapo, angalia pia vichwa vya majibu ya HTTP, taarifa ambazo seva hutuma pamoja na ukurasa, maana linaweza kujificha kwenye X-Robots-Tag. Kisha fanya jaribio la moja kwa moja la URL. Baada ya hayo yote ndipo umpigie mteja. Kurasa za hoteli zilirudi vile zilivyoondoka, mmoja mmoja, na Agosti haikuzisubiri.

3. Ukitaka ukurasa utoke Google, usiweke noindex na kuufunga kwa robots.txt kwa wakati mmoja. Roboti iliyozuiwa haiwezi kuisoma hiyo noindex, na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo. Na ukiigusa robots.txt, kumbuka Google huweza kuendelea kutumia nakala yake ya zamani hadi saa 24.

4. Ridairekti, zinazompeleka mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya, ziwe 301 (za kudumu), za ukurasa kwa ukurasa na zikae angalau mwaka mmoja. Kuzitupa zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni uvivu, na Google huzihesabu kama 404 laini, yaani kurasa zisizokuwepo ingawa seva haisemi hivyo. Tovuti ikiwa kwenye matengenezo mafupi, toa 503, yaani huduma haipo kwa muda. Ukurasa mzuri wa "tunarudi punde" wenye 200, yaani "kila kitu sawa", unaiambia Google kwamba hayo ndiyo maudhui yenu mapya.

5. Kasi. Msipime kwa Wi-Fi ya ofisi. Chukueni simu ya bei ya chini, mtumie bando, mwende steji ya matatu mfungue tovuti hapo, kwa sababu wateja wa wateja wetu ndivyo wanavyofungua, na Google yenyewe huangalia toleo la simu kwanza. Kampuni moja ya kutembeza wageni ilikuwa na picha ya heroe wa Ziwa Nakuru juu kabisa ya ukurasa, ilivyotoka kwenye kamera, imebanwa kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano, ionekane ndogo. Mbawa za waridi, maji yanameta, picha ya kupendeza kweli, na kwenye simu ulikuwa ukikodolea macho mstatili mweupe hadi ukate tamaa. Tukaipunguza, tukaihifadhi kama WebP, aina nyepesi ya picha, tukaiandikia upana na urefu wake ili maandishi yasirukeruke. Viwango mnavijua: LCP (muda hadi kitu kikubwa zaidi kionekane) isizidi sekunde 2.5, CLS (kurukaruka kwa ukurasa) isizidi 0.1, na INP (muda wa ukurasa kuitikia mguso) isizidi milisekunde 200, hiyo INP ikiwa imechukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024. Vinapimwa kwa watumiaji halisi wa Chrome, kwenye asilimia 75 ya ziara, kwa dirisha la siku 28. Ukirekebisha leo halafu kesho uandike kwenye grupu kwamba haijasaidia, utanikasirisha bure.

6. Grafu ikishuka, linganisha na wiki kama hiyo ya mwaka jana kabla hujapiga kelele. Tovuti za shule hupanda Januari wazazi wanapotafuta nafasi, kisha hutulia, na kila mwaka kuna mtu mpya anayeona kule kutulia na kutaka kubadilisha vichwa vya kurasa zote. Search Console huweka miezi 16 tu ya takwimu, kwa hiyo pakueni na kuhifadhi. Na kila badiliko mnalofanya liandikwe na tarehe yake kwenye jedwali letu, hata kama ni plagini moja tu imesasishwa. Ile ya kuzuia nchi haikuandikwa na yeyote, ndiyo maana ilitugharimu alasiri nzima kuipata.

7. Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja apitie wateja wake: ripoti ya kurasa, robots.txt, noindex kwenye kurasa kuu, tarehe ya mwisho ya cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano ya tovuti. Vyeti vingi tunavyotumia ni vya siku 90 na vinatakiwa kujisasisha vyenyewe, lakini hakikisheni kwa macho. Angalieni pia kuisha kwa domeini, hasa zile za .co.ke ambazo ukumbusho wake unakwenda kwa barua pepe ya mtu aliyeacha kazi zamani.

Na umiliki wa Search Console uwe wa mteja, kwa barua pepe yake, sisi tuongezwe kama watumiaji. Nimepitia orodha yetu na bado kuna wateja ambao mmiliki pekee ni kijana aliyemaliza atachimenti akarudi chuoni. Mwenye mteja wa namna hiyo amtafute leo, umiliki uhamishwe, halafu anitumie picha ya skrini.