Mafua baada ya kila marathoni: je, kukimbia kunaua kinga ya mwili?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 38 na nimekwisha kukimbia marathoni tatu. Kila mara, siku ya tatu au ya nne baada ya mbio, koo huanza kuniwasha na mafua hufuata. Mara ya mwisho nilipimwa damu saa mbili baada ya kumaliza, nikaambiwa limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, ziko chini sana. Je, kukimbia kunaiua kinga yangu?

JIBU: Hapana. Seli hizo hazikufa. Kwa sehemu kubwa zilihama. Unapokimbia, adrenalini, homoni ya kuuweka mwili tayari kwa shughuli, huzibandua seli nyeupe kwenye kuta za mishipa ya damu na kuzitoa kwenye wengu, na ndiyo maana limfosaiti huongezeka katika damu wakati wa mazoezi. Ukishapumzika, idadi yake hushuka hata ikawa chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanza, kisha kwa kawaida hurejea ndani ya saa 24. Sisi tulifundishwa kwamba kipindi hicho ni mlango ulioachwa wazi kwa virusi. Siku hizi watafiti wengi wanaifasiri namba hiyo kwa namna nyingine, kwamba seli hizo zimetoka kwenye damu na kuelekea mapafuni, kwenye utumbo na kwenye uboho. Kipimo chako, basi, ni sawa na kuhesabu askari kambini wakati wamekwenda doria.

Hata hivyo, sisemi kwamba unajidhania tu. Mtafiti wa mazoezi na kinga, David Nieman, na wenzake walipowahoji wakimbiaji wa marathoni ya Los Angeles ya mwaka 1987, takriban asilimia 13 walisema waliugua katika wiki iliyofuata, ilhali miongoni mwa waliojiandikisha wasikimbie, kwa sababu zisizo za ugonjwa, walikuwa asilimia 2 hivi. Lakini hayo yalikuwa maelezo yao wenyewe, si vipimo. Wanamichezo wenye dalili kama zako walipokuja kupimwa katika tafiti za baadaye, wengi hawakukutwa na kijidudu chochote, kwa kuwa koo lililopitisha hewa kavu kwa saa kadhaa huweza kuwasha na kuvimba bila virusi kuhusika.

Ambalo hukuniuliza, nami ningeanza nalo, ni jinsi ulivyoishi wiki mbili kabla ya mbio. Mwili hauna daftari moja la mazoezi na jingine la matatizo ya kazini: kilomita 30 za Jumapili, ugomvi wa nyumbani na usiku wa kukesha vyote huamsha kotisoli ileile, yaani homoni ya msongo, na kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu huidhoofisha kinga. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, watu 164 wenye afya njema walidondoshewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa saba. Hao hawakuwa wakimbiaji, lakini mkimbiaji anayeamka alfajiri ili awahi mazoezi kabla ya kazi ajihesabu humo.

Kwa hiyo nakushauri uanze na usingizi kabla ya kununua vidonge. Vitamini C na E kwa dozi kubwa huweza hata kupunguza manufaa ya mazoezi yenyewe. Kula wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa wakati wa mbio ndefu hupunguza kupanda kwa kotisoli, ingawa haijathibitika kwamba huzuia mafua. Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo. Yakibaki juu ya kawaida yako kwa siku kadhaa, na usingizi ukawa mbaya, ondoa mazoezi makali ya wiki hiyo.

Koo na pua peke yake havikatazi mbio fupi za taratibu. Ukiwa na homa, maumivu ya mwili mzima au kifua kubana, acha kabisa, kwa sababu baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na kifua kilichouma kipimwe na daktari kabla hujavaa tena viatu vya mazoezi.